Kadi Iliyorudishwa Dirishani

Nyinyi mnaoanza uwakala wa bima, mnaopita hapa mtaani kwetu Isevya asubuhi na fulana mpya zenye jina la kampuni kifuani, nawaona. Mnanisalimia vizuri, shikamoo mzee, nami naitika. Msidhani marahaba yangu ni ya furaha. Nimekasirika na sitaficha. Nimekasirikia kilichomo kwenye mikoba yenu, kwa sababu nakijua. Nilikibeba mwenyewe kwenye pikipiki kabla hamjajua kusoma, kutoka Tabora mjini hadi Sikonge na Ipole, na upande wa pili hadi Lusu na vijiji vingine vya Nzega.

Kitu chenyewe ni kadi. Kadi ngumu, inang'aa, ina picha ya moyo na jina la mwenye nayo kwa herufi kubwa. Ukiiweka kando ya kadi ya bima ya matibabu ya kweli, mtu anayeziona kwa mara ya kwanza hawezi kuzitofautisha. Ile ya kweli inamlipia mgonjwa daktari, dawa na upasuaji. Hii niliyouza mimi haikulipa daktari, haikulipa dawa, haikulipa upasuaji. Ilimpa mgonjwa fedha kidogo kwa kila siku aliyolazwa, kuanzia siku ya nne, tena baada ya kutoka hospitali na kuleta karatasi zote ofisini. Ukitibiwa ukarudi nyumbani siku hiyohiyo, huna chako. Ukilazwa siku mbili ukapona, mshukuru Mungu, lakini huna chako.

Kabla hamjanijia juu, nakubali kwamba mpango wa namna hiyo si wizi. Mtu aliye na bima kamili anaweza kuuongeza juu yake, ukamsaidia chakula na nauli ya anayemuuguza. Ninachokasirikia ni kumuuzia mkulima asiye na kingine chochote, na kumwacha aende nyumbani akiamini kwamba sasa amekingwa. Na hivyo ndivyo tulivyouza. Sikumbuki kuuza vingine.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tabora mjini, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na miwani ya jua siku nyingine zote. Babu zake waliuza shanga na vitambaa kwa misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji, na alijivunia hilo kuliko cheti chochote alichotundika ukutani.

"Babu yangu hakumweleza mtu shanga inafanya kazi gani," aliniambia. "Aliiweka kwenye jua tu."

Nisimseme vibaya kwa yote. Alinifundisha kusalimia. "Ukifika kwa Wanyamwezi ukaanza na bima kabla ya salamu yao, mwangaluka, washa pikipiki yako urudi." Alinifundisha kuinama na kupiga makofi taratibu mbele ya wazee, kuuliza habari za mvua na vitalu vya tumbaku, kukaa kwenye kigoda ulichopewa hata kama kinayumba. Mara ya kwanza nilichagua kigoda mwenyewe, nikakalia cha mama mkwe wa mwenye nyumba. Mzee Shabani alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akaniamuru niombe radhi kwa kupiga magoti. Adabu hiyo ni nzuri na nawausia muishike. Ila jueni kwamba sisi tuliitumia kuuzia. Watu walinunua ile adabu, kadi ikaingia nayo.

Funzo lake jingine lilikuwa hili: "Usiuze kulazwa. Uza kupona. Nani anataka kusikia habari za kulazwa?" Kwa hiyo nilikuwa nasema, "Ukiwa na kadi hii, ugonjwa hautakukuta peke yako." Itazameni vizuri sentensi hiyo. Huwezi kunishitaki kwa neno hata moja lililomo, na yote ni uongo. Niliitunga mwenyewe. Kampuni iliipenda ikaichapa kwenye vipeperushi, nami nikapewa mwavuli.

Sasa niwaambie tulivyouza Ipole.

Msimu wa masoko ya tumbaku, wakulima hukusanyika kwenye chama chao cha msingi cha ushirika na marobota yao, kila mtu ana matumaini ya kupata chochote. Hapo ndipo tulipofanya malipo ya mfano. Kampuni ilitafuta mteja mmoja ambaye madai yake hayana shaka, ikamlipa mbele ya umati, kwa kipaza sauti na muziki. Watu wa huku hawaamini karatasi. Wanaamini jirani yao waliyemwona akipewa. Mzee Shabani alijua hilo, na kampuni ililijua kupitia kwake.

Mteja wetu wa Ipole alikuwa mama mmoja aitwaye Kalunde. Alilima tumbaku, na mumewe, Mihayo, alikuwa mrina asali, ana mizinga mingi msituni. Kalunde alikuwa amelazwa kwa nimonia kwa zaidi ya wiki, kwa hiyo alistahili zile siku zake. Tulipokuwa tunasubiri aitwe mbele, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Dawa na sindano nililipa kwa kuuza mbuzi, kaka. Lakini hiki nacho si haba, kimesaidia."

"Ah, dada," nikamwambia, "hilo la mbuzi usiliseme kwenye kipaza sauti. Litawachanganya watu."

"Litawachanganya vipi?"

"Wewe shukuru tu. Mengine tutaeleza sisi."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniheshimu. Nilikuwa nimempigia makofi mama yake mzazi asubuhi ile.

Akapokea bahasha, akalia kidogo, akashika kipaza sauti. "Mimi nilidhani hawa ni matapeli," alisema. "Leo nimepewa mkononi. Mmeniona." Vigelegele vikapigwa. Watu wakajipanga mstari mrefu, wakaandikishwa mpaka kalamu zikaisha wino, tukaazima nyingine kwa karani wa chama. Hakuna aliyeuliza dawa zake zililipwa na nani. Na mimi niliyejua habari za mbuzi nilikuwa naandika majina.

Kuna jambo jingine ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, naweka kijiko chini. Mpango wetu ulikuwa na orodha ya mambo yasiyolipiwa, na mojawapo lilikuwa kuanguka kutoka mahali pa juu ukiwa kazini. Tuliuza hiyo Ipole! Ipole, ambako mwanaume anapanda mti mrefu wa mtundu na kamba begani na moshi mkononi, anashusha mzinga wa gome wenye nyuki wakali, na hiyo ndiyo ada ya watoto. Kuwauzia warina asali bima isiyotambua kuanguka ni kama kumuuzia mvuvi kitu kisichotambua maji. Nililiona. Nilimwambia Mzee Shabani.

"Mzee, hawa wanapanda miti."

"Nyuki wako msituni, wewe uko barabarani," akajibu. "Uliza ya barabarani."

Nikacheka. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, nilisoma na kuelewa kila neno, na nikacheka.

Msimu uliofuata Mihayo alianguka. Kamba ilikatika akiwa anashusha mzinga, akavunjika paja. Wenzake walimtoa msituni wakimshikilia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki, mnaweza kufikiria maumivu hayo, wakamfikisha zahanati, na kutoka hapo gari likamleta hospitali mjini Tabora. Daktari akasema mfupa unahitaji kuwekewa chuma. Kalunde alijua kadi hailipi dawa, lakini chuma alidhani ni jambo jingine, kubwa; akaenda kwenye dirisha la malipo, akatoa kadi yetu yenye jina la mumewe kutoka kwenye pindo la kitenge. Kadi ikarudishwa. Akaisukuma tena ndani. Ikarudishwa tena.

Akanipigia simu. "Kaka, wameikataa. Wanasema hii si ya hapa. Njoo uwaambie wewe, wewe ni mtu wa mjini, watakusikiliza."

Nilikuwa naye Mzee Shabani, tunakunywa kahawa karibu na soko. Ningeweza kutembea kwa miguu mpaka hospitalini na kahawa yangu isingepoa sana. Nikamwambia, "Dada, niko Nzega. Mgonjwa akitoka, leteni karatasi za kulazwa ofisini."

"Nzega," akasema. Nyuma yangu muuza kahawa alikuwa anagonga vikombe vyake, na nadhani Kalunde alivisikia. Akakata simu.

Hakuwa na fedha ya chuma. Akamchukua mumewe wakarudi naye kijijini kwa mtu anayefunga mifupa kwa vijiti. Walipouza tumbaku wakamrudisha hospitali, mfupa ulikuwa umekwisha kuunga vibaya. Mihayo alibaki na mguu mfupi. Hakupanda mti tena. Mizinga yake wanarina wengine na kumletea fungu. Madai yake kampuni ikayakataa kwa sababu alianguka kutoka juu akiwa kazini. Nilikwenda mwenyewe kumweleza Kalunde, na hilo ndilo jambo pekee la kiume nililofanya mwaka ule, nalo nililifanya vibaya.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Ni masharti ya kampuni, dada."

"Sijauliza kampuni. Nimekuuliza wewe."

Nikaanza kueleza tena masharti. Akaingia ndani akafunga mlango.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo niliacha kazi. Sikuacha. Niliendelea mpaka nilipostaafu, ila njia ya Ipole nilimwachia mwenzangu. Nilichokuja kusikia ni hiki: wengine walioandikishwa siku ile nao walirudishiwa kadi zao dirishani, kila mtu kwa wakati wake, na hawakunilaumu mimi. Mimi nilikuwa mgeni, na mgeni hupita. Walimlaumu Kalunde. Ndiye aliyeshika kipaza sauti. Walisema alilipwa ili awavute. Wakampa jina, Mama Bima. Akifika kwenye mizani ya asali, mtu anasema, "Mpisheni Mama Bima, asije akawaandikisha." Kwenye kikundi chao cha akina mama wakamwondolea uweka hazina. Mwanamke aliyeuza mbuzi wake wa haki, akataka kusema hivyo, akaambiwa anyamaze.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Msinitazame kama mzee mwenye shinikizo la damu.

Juzi juzi alikuja kwangu Rehema, binti wa jirani yangu, amemaliza chuo, amepata kazi kwenye kampuni mpya. Ana fulana, ana simu kubwa, ana heshima zake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, nimepangiwa Ipole. Nasikia kule unajulikana."

"Najulikana sana."

"Basi twende wote, unitambulishe tu. Posho ipo." Akakaa. "Siku hizi hakuna makaratasi, babu. Mteja anabonyeza namba, anakubali, anakatwa kidogo kidogo kwenye simu. Hata hasikii."

"Hasikii. Vizuri. Anakubali nini?"

"Vigezo na masharti."

"Umevisoma?"

Akacheka. "Babu naye! Ni virefu hivyo."

Nikavaa viatu. Sikumpigia hotuba. Nilimchukua mpaka hospitali, tukapanga foleni na wagonjwa kwenye dirisha la malipo, na zamu yetu ilipofika nikamwambia atoe kadi yake ya mfano ampe dada wa ndani.

Yule dada aliitazama upande mmoja tu. "Hii si ya kutibiwa. Mgonjwa wenu yuko wapi? Atalipa taslimu."

"Lakini imeandikwa afya," Rehema akasema.

"Hata sabuni imeandikwa afya." Akairudisha. "Nyinyi ndio mnaoziuza? Mbona hamji kukaa hapa? Watu wanatutukana sisi. Jana mama mmoja kanililia hapa hapa, nyinyi mko wapi? Anayefuata!"

Tulitoka nje. Basi hilo ndilo funzo langu la kazi, na ni bora kuliko semina zote mlizolipiwa soda. Kabla hujauza kadi yoyote, ipeleke dirishani kwanza. Simama pale anaposimama mteja wako, na joto lile, na harufu ile ya dawa, uone mtu wa ndani anaifanya nini. Ikirudishwa, basi ukifika kijijini anza na hilo: kadi hii itarudishwa dirishani. Halafu uliza watu wa pale wanaumia kwa kazi gani, kisha utafute kazi hiyo kwenye orodha ya yasiyolipiwa. Kama ipo, usiwauzie, rudi nyumbani. Waambie pia kwamba serikali ina ofisi inayosikiliza malalamiko ya bima, na uwaelekeze ilipo. Mimi niliijua ofisi hiyo miaka yote. Sikumtajia mteja hata mmoja.

Ipole nilikwenda. Sikwenda kwa posho.

Msimamizi wa Rehema, kijana wa Dar, alikuwa ameshapanga viti na spika mbele ya chama cha msingi, na bahasha ya malipo ya mfano iko mezani. Hawajabadilisha kitu, wameongeza simu tu. Kalunde alikuwepo, ameketi pembeni, nywele zimekuwa nyeupe. Nikasalimia mwangaluka, watu wakaitika. Yeye hakuitika.

Nikapewa kipaza sauti nimtambulishe binti. Nikasema, "Mimi ndiye niliyewauzia zile kadi. Dada Kalunde hakulipwa kuwavuta. Siku ile alitaka kuwaambia kwamba dawa zake alilipa kwa kuuza mbuzi, kwamba kadi haikumtibu. Mimi nilimkataza. Mumewe alipoanguka akanipigia simu, nikasema niko Nzega. Nilikuwa Tabora, nakunywa kahawa. Na orodha ya kampuni ilisema mtu akianguka kutoka juu halipwi, nilijua, nikawauzia nyinyi mnaopanda miti."

Mzee mmoja wa kiti cha mbele akasema kwa sauti, "Kumbe Bima mwenyewe ni wewe!"

Wakacheka, kicheko cha hasira. Msimamizi akasogea kuchukua kipaza sauti. Kalunde akainuka kabla hajakifikia. Hakunitazama. Alimtazama Rehema.

"Binti, nijibu mimi. Mwanaume wangu akianguka mtini leo, nani anaweka chuma?"

Rehema alimtazama msimamizi wake. Kazi yenyewe hata mshahara wa kwanza hajapata.

"Mtalipa wenyewe, mama," akasema. "Hii hailipii chuma. Na kwa kuanguka mtini haitoi hata zile za kulazwa. Nilisoma jana."

"Ahsante," Kalunde akasema. "Wewe umejibu."

Watu walianza kuinuka. Bahasha ikabaki mezani. Walimu wawili wenye bima zao za kazini waliuliza maswali mengi, kisha wakajiunga, wakijua wanachonunua. Hilo sina ugomvi nalo. Msimamizi alimwambia Rehema watazungumza ofisini, na mpaka naandika haya bado anasubiri kuitwa.

Nilimfuata Kalunde mpaka kwenye mizani ya asali. Nilitaka kuomba radhi. Akainua mkono nikaishia hapo.

"Maneno hayo ungeyasema siku ile," aliniambia. "Kipaza sauti kilikuwepo."

Akainama, akatoa kwenye ndoo kitu kilichogandwa na nta. Kilikuwa kadi. Picha ya moyo imefutika, jina limefutika, ukingo mmoja umelika kwa kukwangua.

"Ngumu kweli hii," akasema. "Kisu kinachubua ndoo, hii hapana. Inakwangua nta vizuri sana." Hakunipa mimi. Alimpa Rehema. "Kaa nayo, binti. Mimi nitatafuta kisu."

Tukaanza kurudi kwenye gari. Nyuma yetu, pale kwenye mizani, mtu akaita kwa nguvu, "Baba Bima! We Baba Bima!" na wenzake wakacheka, na nilisikia kicheko cha Kalunde miongoni mwao.

Niligeuka, nikaitika.